Uzi Uliosimamisha Kumi na Nne

Hosteli ya mafundi, Uwanja wa Ndege wa Belopole
12 Novemba 2017

Babu Stamen, shikamoo. Na wewe Bibi Tsona, shikamoo, usije ukaanza kulalamika kwamba nakutaja wa pili.

Mimi mzima, nimenenepa kidogo, maana mpishi wa hapa anadhani kila fundi ni ng'ombe wa kunenepeshwa. Nawaandikia badala ya kupiga simu kwa sababu namjua Babu na simu. Anasema "tu wazima, bili inapanda," halafu anakata. Barua huwezi kuikata.

Mama alipiga juzi kutoka Stuttgart. Amehamia nyumba yenye chumba cha ziada, na kila tukiongea anakitaja hicho chumba. Mara kina dirisha kubwa, mara kina kabati jipya. Nimemwahidi hivi: nikishindwa kazi niliyoanza hapa, nitapanda basi la Ujerumani bila ubishi. Nikifaulu, nabaki nchini, na kila mwisho wa mwezi nitakuwa kwenu nakula banitsa ya Bibi, ile pai yake ya jibini, mpende msipende.

Sasa kazi yenyewe. Babu, kaa kwanza. Ni fundi wa ndege, uwanja ule ule uliofanyia kazi wewe, ila si jeshini. Ni kampuni. Najua umeshakunja uso, lakini soma mpaka mwisho. Wanajeshi wanarusha ndege zao za vita, lakini mengi ya pembeni siku hizi serikali inayanunua kwetu kwa saa. Tunatengeneza ndege za mafunzo. Tunatoa ndege ya kucheza adui wakati wa mazoezi. Na tunayo moja ya kuvuta shabaha, na hiyo ndiyo niliyopewa mimi na fundi mkuu wangu. Inapaa ikikokota mfuko mwekundu kwa waya mrefu ajabu, na vijana wa mizinga walioko chini wanaupiga risasi ule mfuko. Rubani wetu, Mama Radka, ni kanali mstaafu. Anasema sala yake ni moja tu, vijana wajue tofauti ya mfuko na ndege.

Nipo kwenye kipindi cha majaribio mpaka majira ya kuchipua. Nikipita, Siku ya Mtakatifu Georgi, mapema Mei, nitasaini mwenyewe kwamba ndege iko salama kuruka. Siku hiyo geti linafunguliwa kwa familia. Nataka uwepo, Babu. Nakuomba.

Ndege ni ipi, sikwambii leo.

Wako,
Zornitsa

*

Gorni Dryan
21 Januari 2018

Zornitsa, marahaba.

Barua ilifika kabla ya Krismasi. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya pampu. Iliganda, nikaiyeyusha, ikapasuka. Gancho jirani akaja na ushauri wake, na mtu akikuambia Gancho amekuja na ushauri, ficha nyundo. Sasa maji tunachota kwake, na kila ndoo anakumbusha kwamba alinionya. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Bibi yako mgongo unamsumbua lakini ukimwambia apumzike anakutazama kama umemtukana mama yake.

Mama yako naye alipiga. Chumba nimeshakisikia. Kina zulia pia.

Kuhusu kazi yako sina la kusema.

Ila kwa kuwa karatasi haijaisha. Tulikuwa mafundi wengi pale, na kila ndege ilikuwa na mtu wake, na mtu huyo aliijua kwa kuisikiliza tu. Wakaja mabwana na mabegi mazuri, wakasema kazi yetu sasa itafanywa kwa mkataba. Siku ya mwisho niliweka kitambulisho changu mezani getini. Kijana wa kampuni akakivuta kwa kidole, akakitupa kwenye boksi, hakuinua hata macho. Nikasema sipiti tena geti hili. Nilisema, na nilipo ndipo nilipo.

Watu wa kukodi wanaogopa kitu kimoja tu, mkataba usije ukakatika. Siku mkubwa akitaka ndege ipae, watafumba macho, itapaa. Wewe sijakulea hivyo, lakini mahali hubadilisha mtu.

Vaa soksi mbili. Sakafu ya banda lile ni barafu.

Stamen

Mjukuu wangu, huyu ni Bibi naandika pembeni kwa siri. Asikudanganye na pampu. Barua yako anaisoma kila jioni, anaitia mfukoni, asubuhi anaitoa. Nimetaka kufua ile suruali, hataki. Endelea kuandika.

*

Belopole
11 Februari 2018

Babu, shikamoo, na pole ya pampu. Bibi, mgongo vipi? Mwambie Babu mapacha wa mbuzi nawataka wapewe majina kabla sijaja, tena mmoja aitwe Gancho.

Nimevaa soksi mbili. Tatu, leo.

Umesema mengi kwa mtu asiye na la kusema. Sikasiriki. Nami nikwambie ya kwetu. Wanajeshi wana vitambulisho vya bluu, sisi vya kijani. Kantini ni moja lakini meza zimegawanyika zenyewe, hakuna aliyeamuru. Kuna Sajini Dobrev, msimamizi wa njia ya ndege upande wa jeshi. Kila asubuhi nikipita anaita kwa sauti, "Kodi imefika! Jamani, nani amelipia hii?" Siku ya kwanza nililia chooni. Siku ya pili nikamwambia, "Afande, mimi wa kukodi, lakini wewe ungewekwa sokoni nani angekuchukua?" Meza zote mbili zilicheka. Tangu hapo anaita vilevile, ila ananiwekea chai.

Na kuhusu kufumba macho. Babu, tunahesabu vifaa kama mlivyohesabu ninyi. Kila spana ina kivuli chake kilichochorwa ubaoni, na kivuli kikibaki kitupu hakuna kinachowashwa. Fundi mkuu wangu ni mkali kuliko wewe, na sikutegemea kama kuna mtu wa hivyo duniani.

Lakini nakubali, kuna presha. Mapema Machi inakuja kamati ya wizara kutazama tukivuta shabaha. Wakiridhika, kampuni inapewa mkataba wa miaka mitano, na sisi tulio kwenye majaribio tunaajiriwa. Wasiporidhika, wa kwanza kuondoka ni mimi. Basi la Stuttgart linaondoka Jumamosi na Jumanne, nimeshauliza.

Basi. Nilikuficha jambo na sasa linaniwasha. Ndege yetu ya shabaha jeshi liliistaafisha, kampuni ikainunua. Imepakwa rangi ya machungwa, tumbo mpaka mkia. Namba ya zamani inaonekana chini ya rangi mwanga ukiwa upande wa mlangoni.

Ni Kumi na Nne, Babu. Ni ile yako.

Zornitsa

*

Gorni Dryan
24 Februari 2018

Zornitsa,

Pampu imepona. Sisi wazima.

Kifuniko cha kushoto cha pua ya Kumi na Nne hukwama kukiwa na baridi. Usikilazimishe. Ukishike kwa kiganja mpaka kipate joto, kitafunguka chenyewe.

Uzi wako wa Machi huu hapa ndani, mwekundu na mweupe. Nimeusokota mimi, shanga ya bluu katia Bibi yako. Ufunge mkononi, uwe na afya, mwekundu usoni na mweupe moyoni, na usiuvue moja kwa moja mpaka umwone korongo wa kwanza. Ukifika kazini utundike kwenye misumari ya ule ubao wa mlangoni, ndipo uingie bandani.

Rangi ya machungwa. Ee Mungu.

Stamen

*

Belopole
8 Machi 2018

Babu, Bibi, shikamooni.

Naomba msome barua hii mkiwa wawili, na Bibi amshike Babu mkono. Sijaumia. Hakuna aliyeumia.

Uzi ulifika siku yenyewe, tarehe mosi. Niliufungua hapo hapo posta na nikalia mbele ya watu, yule mama wa stempu akanipa leso. Tangu Novemba nilikuwa nasubiri neno moja kutoka kwako, Babu, na wewe ukanipa na la kifuniko cha pua. Nikafunga uzi mkononi, nikaenda kazini.

Misumari haipo. Ule ubao ulioniambia, wa kutundika nyuzi mlangoni kabla ya kuingia bandani, ulitolewa siku nyingi. Ukutani pamebaki matundu. Kila mtu siku hizi anaacha uzi wake hostelini. Na mimi najua sheria, mtoto mdogo pale anaijua: hakuna pete, hakuna saa, hakuna uzi karibu na ndege. Lakini kuuvua ule niliona kama nakuvua wewe. Nikauficha ndani ya mkono wa sweta, nikavuta ovaroli juu yake. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna aliyeona.

Siku ya nne ikaja kamati. Mabwana watano wa wizara na mama mmoja mwenye kofia ya manyoya, wamesimama kwenye jukwaa wanatetemeka kwa baridi. Nilimfunga Mama Radka mikanda, nikakagua ndani, nikashuka, nikaondoa ngazi. Injini ikawaka, Babu, na ile sauti unaijua. Nikapeleka kidole ndani ya sweta kuugusa uzi, kama mtu anavyogusa msalaba.

Mkono mtupu.

Sikufikiri hata kidogo. Nilikimbilia mbele ya pua nikafunga mikono juu ya kichwa, alama ya kusimamisha, ile uliyonifundisha uani kwa kumzuia beberu wa Gancho. Mama Radka alizima injini palepale.

Bwana Ognyan, mkuu wetu, alikuja mbio tai ikiwa begani. "Kuna nini? Mafuta? Moto?"

"Nimepoteza uzi wa Machi, bosi. Una shanga. Nadhani uko ndani."

"Uzi?" Alirudia kama hajasikia. "Kamati imesimama pale, unanizimia ndege kwa ajili ya uzi? Zornitsa, binti yangu, utakuwa umeanguka huko nje kwenye majani. Acha ipae, tutautafuta baadaye."

"Kama umeanguka kwenye majani, ndege haina neno. Kama uko ndani, shanga inaweza kukwamisha kitu Mama Radka akiwa angani. Siwezi kusema iko salama, bosi. Nifukuze, lakini siwezi kusema."

Akanitazama. Akatazama jukwaa. Namhurumia, Babu, uso wake ulikuwa wa mtu anayeona nyumba yake inaungua. Kisha Mama Radka akavua kofia yake ya kuruka, akashuka, akakaa chini kwenye lami. Hilo ndilo likawa jibu.

Tuliivuta ndani, tukaifungua. Kamati ilingoja, ikachoka, ikapanda magari ikaondoka. Sajini Dobrev alikuwa mlangoni. Nilidhani atasema neno kuhusu kodi. Alivua koti, akaingiza kichwa chini ya kiti cha rubani na tochi mdomoni, na si kazi yake kabisa. Na yeye ndiye aliyeupata. Shanga ilikuwa imeingia kwenye maungio ya pedali ya kulia, uzi umejizungusha. Akajaribu kuisukuma pedali kwa mkono. Ilikwenda nusu, ikagoma.

Mama Radka alijishika mdomo.

Dobrev akatoka na uzi kiganjani. "Nani kakufundisha kusimamisha ndege hivyo?"

"Babu yangu. Stamen Karaivanov."

Akatazama yale matundu ukutani. "Misumari ilikuwa hapa," akasema, akaondoka na koti lake.

Nimesimamishwa kazi mpaka uamuzi utoke. Nastahili. Aliyeleta hatari ni mimi, na kulisema baadaye hakufuti. Labda nimewanyima wenzangu wote kazi. Begi langu liko tayari chini ya kitanda.

Kwa hiyo usije tena Siku ya Mtakatifu Georgi, Babu. Hakutakuwa na kitu cha kuona. Nisamehe.

Zornitsa

*

Gorni Dryan
12 Machi 2018

Zornitsa, mtoto wa mwanangu,

Barua imefika saa hizi, najibu saa hizi. Postimasta ananingoja mlangoni na baiskeli yake, anasonya.

Kwanza nikugombeze. Ulikosea. Uzi bandani! Ningekuwa mkuu wako ningekufagilisha uwanja mpaka kiangazi. Umesikia? Sasa hilo limeisha.

La pili. Niliandika kwamba watu wa kukodi mkubwa akitaka watafumba macho. Kamati ilikuwepo, mkuu alitaka, kazi yako yenyewe ilikuwa mezani, na hukufumba. Yule rubani akakaa chini, naye wa kukodi. Mwambie mkono wake naushika. Nilisema vibaya, na nimelisema hata kwa Gancho, ambaye sasa haishi kulitaja.

Nimeona fahari mpaka kifua kinauma. Bibi yako kalia, mimi nimekwenda kumwangalia mbuzi.

Begi lifungue. Hata wakikufukuza, unakuja hapa kwanza, Stuttgart baadaye.

Ndani ya bahasha kuna misumari. Nimeing'oa kwenye banda la kuni, mizuri, ya zamani. Mpe Dobrev. Namkumbuka, alikuwa kuruta mwenye masikio makubwa, aliwahi kulala ndani ya mfuko wa shabaha tukamtafuta siku nzima. Mwambie Stamen anasema ukuta hauna haya kukaa na matundu, ila yeye anapaswa kuwa nayo.

Babu yako

*

Belopole
15 Aprili 2018

Babu, Bibi, shikamooni, na Kristo amefufuka! Mayai mekundu ya Bibi yalifika, matatu mazima, moja limepondeka, hilo nimempa Dobrev. Masikio yake bado makubwa. Nilipompa ujumbe wako aliona haya mpaka yakawa mekundu kuliko yai.

Mama kapiga. Chumba kimepakwa rangi. Nikamwambia akipangishe.

Nabaki, Babu! Nilitaka kuliandika juu kabisa lakini ningeshindwa kusalimu.

Kamati ilirudi wiki ya pili ya Aprili. Yule mama wa kofia ya manyoya, kumbe ndiye mkubwa wao, alimuuliza Bwana Ognyan siku ile ndege ilizimwa kwa nini. Bosi akasema ukweli wote, na uzi, na pedali. Nilikuwa nimesimama nyuma na ufagio, maana ulitabiri, walinirudisha lakini kwa kufagia tu, mwezi mzima. Mama yule akauliza, "Huyo fundi bado mnaye?" Bosi akasema, "Yupo pale anafagia." Akasema, "Msimpoteze."

Si yote mazuri. Mkataba wamepewa wa mwaka mmoja, si mitano, mpaka waone zaidi. Na majaribio yangu yameongezwa hadi vuli. Siku ya Mtakatifu Georgi Kumi na Nne itapaa mbele ya familia, lakini anayesaini ni fundi mkuu. Mimi nitashika ngazi tu.

Ubao umerudi. Dobrev kautengeneza kwa mbao za kreti, akapigilia misumari yako mahali pale pale. Hakugawa bluu na kijani, Babu. Tulining'iniza nyuzi zetu ovyo ovyo, za wanajeshi na za kukodi, mpaka korongo walipotua kwenye mnara wa maji, ndipo kila mtu akaenda kufunga wake kwenye mti, kama desturi. Wangu pia, na shanga yake.

Misumari uliyotuma ilizidi watu kwa mmoja. Huo wa mwisho, karibu na mlango, nilitaka kuutumia kwa kofia yangu. Dobrev akanipiga mkono. "Huo una mwenyewe," akasema.

Sitasaini chochote siku hiyo. Ni ngazi tu. Lakini njoo.

Zornitsa

*

Gorni Dryan
22 Aprili 2018

Zornitsa wangu,

Marahaba, na kweli amefufuka. Sisi wazima. Mapacha wa mbuzi wanaruka ukuta, yule Gancho ndiye mbaya zaidi, na Gancho mwenyewe anajisifu kwamba kafanana naye.

Unasema ngazi tu. Rubani anapanda kwa ngazi gani, ya hewa? Ishike vizuri, mguu mmoja kwenye kipago cha chini, na usitazame jukwaa.

Bibi yako ameshapiga pasi suruali. Ile ya barua. Amezitoa zote, kaziweka kwenye kopo la biskuti, na anacheka peke yake jikoni. Gancho atatupeleka kwa gari lake, na njia nzima atanishauri. Kwa ajili yako nitavumilia.

Nitapita lile geti. Sikujua mkono wangu ungeandika hilo, lakini limeandikwa na sitalikata. Kijana wa getini akitaka kitambulisho, nitamwambia sina, nina mjukuu.

Jambo moja niliwaficha wote, hata Bibi yako kalijua leo. Nami nilijisokotea uzi siku ile niliposokota wako. Ulipoandika kwamba umesimamishwa, nikasema sivui mpaka nijue umefika wapi. Korongo wamejenga juu ya nguzo ya umeme mbele ya dirisha langu kabisa. Wanagonga midomo alfajiri mpaka jioni, kijiji kizima kinawasikia. Gancho ananiuliza, "Stamen, Machi imekwisha, huo uzi vipi?" Namwambia bado sijaona korongo.

Nitakuja nao mkononi mpaka mlangoni. Mwambie Dobrev ule msumari auache wazi.

Babu yako,
Stamen